Jiwe la Barafuni na Ufagio wa Paskazia

Sikilizeni, bhana bhane, wanangu, na wewe Onesmo kaa chini, acha kusimama mlangoni kama bodaboda anayesubiri abiria, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Mliniita Bingwa miaka yote, na hakuna aliyeniuliza bingwa wa nini. Serikali ilinipeleka Kanada kusomea miamba, na huko nikafundishwa mchezo wa kutelezesha jiwe la kilo ishirini juu ya barafu mpaka kwenye alama, wenzako wawili wakitangulia na mafagio, wakiisugua barafu ili jiwe lifike mbali. Usicheke, Kudra, mchezo huo upo. Nilikuwa skip, nahodha wao, tukachukua ubingwa wa jimbo mara mbili, gazeti likatoa picha yangu, mweusi peke yangu kati ya wazungu. Nikarudi na degree, medali na jiwe. Ofisi zote, Shinyanga mpaka Geita, zikaniambia we will call you; nadhani namba bado wanaitafuta. Nikashika sururu kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo.

Jioni nilimwaga maji ya sabuni kwenye sakafu ya kuanikia mpunga, nikasukuma jiwe, na dada yangu Paskazia, shangazi yenu, akafagia mbele yake. Nampigia kelele, "Sweep, dada, sweep!" Ananijibu, "Nafagia, mgongo ni wangu au wako?" Majirani wakachungulia, wakasema yule mama anafagia nyota za watu, jiwe linazimeza. Nami nikanyamaza, tena kwa makusudi, kwa sababu wezi walianza kuliogopa duara langu, shimo langu la kuchimbia, na mawe yangu ya dhahabu yakawa yanalala bila mlinzi. Nilinunua usalama wangu kwa jina la dada yangu. Hilo ndilo kosa langu, lisikieni kutoka kwangu.

Sasa vumbi la shimoni limenimaliza mapafu, daktari alinionyesha picha. Hakuna aliyenifagia nyota. Lakini wewe, Onesmo, msomi wa diploma, juzi ulikwenda Buseresere kwa mpiga ramli ukarudi na jina la shangazi yako, eti macho mekundu ni ya mchawi. Moshi wa kuni, mwanangu. Kuni alizokuivishia ugali.

Nyumba yangu ya mtaa wa Kalangalala ni ya Kudra, na Paskazia alale humo kuanzia leo, msisubiri matanga. Jiwe na lile gazeti mpelekeeni katekista Marselino, Jumapili awaonyeshe watu wazungu wazima na mafagio yao. Duara ni lako, Onesmo, ukimlinda; ukimgusa, usinililie kaburini.

Dada, kaa hapa kitandani. Nipe... mkono. Anayetaka baraka yangu aushike mkono huu wa dada, mbele yangu, nimwone. Kudra, umeushika; wabeja, asante, mayu, mama yangu. Mungu akupe... akupe watoto watakaokuuliza maswali.

Onesmo.

Onesmo, sogea. Mbona unawatazama hao wenye mapanga walioko nje?