Kengele Haikupigwa kwa Joackim Mgaya

Enyi watu wa Mungu mliosimama katika uwanja huu, akina baba, akina mama, wazee wa kanisa na majirani wa dini zote, tulieni mnisikilize, kwa maana ninasoma mbele yenu na mbele zake Yeye asiyesinzia.

Mnajua kwa nini tuko nyumbani na si kanisani, na kwa nini kengele haikupigwa asubuhi. Marehemu amefariki akiwa chini ya marudi, ametengwa na Meza ya Bwana, na utaratibu wetu haumruhusu mtu wa namna hiyo kuingizwa kanisani hata akiwa ndani ya jeneza. Mimi ni Clemens, mdogo wake, mzee wa kanisa tangu mwaka 1988, na ukoo umenipa kazi ya kusoma wasifu wake.

Marehemu Joackim Mgaya alizaliwa Ilembula tarehe 3 Juni 1946, akabatizwa akiwa mchanga, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1962. Mwaka 1969 aliajiriwa na shirika la pembejeo, akawa mtunza ghala la mbolea hapa Makambako, na tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Oliva, aliyekaa pale kwenye mkeka, wakajaliwa watoto watatu, Telesia, Dionis na Margareth.

Mwezi Machi 1992 mifuko ya mbolea ilionekana imepungua ghalani, marehemu akashtakiwa kwamba aliitoa bila hati, na tarehe 4 Mei akafukuzwa kazi. Ndugu zangu, kumbukeni hofu ya miaka ile, mashirika yalikuwa yanafungwa, orodha za kupunguzwa zilibandikwa ukutani, kila mtu alitafuta jina lake huku akiomba asilione, na waliojua mbolea ilikwenda wapi walifunga midomo.

Jumapili ya tarehe 17 Mei, kabla ya shauri lake kusikilizwa popote, jina lake lilisomwa madhabahuni kuwa mwizi. Baraza la wazee lilikuwa limeketi Alhamisi, hatukumwita aseme neno, mwenyekiti akauliza nani anakubali, na mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu, kwa sababu niliogopa watu wasije wakasema ninamficha ndugu yangu. Pilato angalau alimuuliza mshtakiwa maswali.

Tangu siku hiyo nyumba hii iliishi kwa woga, baiskeli ya tarishi ikisimama njiani marehemu aliweka jembe chini akanawa mikono, kana kwamba wanakuja kumchukua, na sisi tulimpa salamu ya kamwene huku tukitazama miguu yetu.

Alikata rufaa, na Bodi ya Usuluhishi ikaketi Njombe. Sisi tuliokula naye mkate wa Bwana hatukwenda. Alikwenda Kheri, mwenye lori, Mwislamu, akatoa nakala ya hati iliyosainiwa na meneja mwenyewe, ya kumtaka yeye apeleke mbolea ile Iwawa kwa lori lake, akawaambia wajumbe, "Mimi hapa ni mtu wa kuja, mkinichukia nitakosa mzigo, lakini karatasi hii haimwogopi mtu." Tarehe 9 Februari 1994 Bodi iliamua kwamba mashtaka hayakuthibitika, na Jumatatu ya tarehe 7 Machi marehemu alirudishwa kazini, akapewa funguo zilezile za ghala, akaendelea hadi shirika lilipouzwa mwaka 1997.

Serikali ilimrudisha, sisi hatukumrudisha. Utaratibu wetu unamtaka aliyetengwa apige magoti mbele ya usharika atubu, nami nilimsihi apige magoti tu, yaishe, akanijibu, "Mdogo wangu, nitubu wizi ambao sikuufanya, nimdanganye Mungu nyumbani kwake?" Akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na siku ya kipaimara cha Margareth, mwaka 1995, mtoto alikwenda Mezani akigeuka nyuma kumtazama baba yake.

Mwezi Mei mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akavimba miguu, tukampeleka hospitali ya Ikonda. Jumamosi ya tarehe 11 Julai alinituma kwa baraza akisema anaomba Meza kabla hajaondoka. Nilishuka hadi hapa, baraza likaketi Jumatatu tarehe 13, nikarudi na karatasi, nikaifungua kitandani pake, ilikuwa imeandikwa: apokelewe akishatubu. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaniwekea mkononi, akasema, "Irudishe." Alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Julai 1998, alifariki, na karatasi hiyo ninayo katika koti hili, nami naogopa, ndugu zangu, naogopa siku nitakayoulizwa niliipeleka wapi.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi wa Ikonda waliomhudumia katika baridi ile, majirani waliomsaidia Oliva kuni na maji, wafanyakazi wenzake waliokuja leo, na Kheri, ambaye lori lake limemleta marehemu nyumbani, na ambaye atasimama siku ya mwisho mbele yetu sisi tuliobatizwa.

Kaka yangu Joackim, lala kwa amani mikononi mwa Hakimu ambaye hukumwogopa.

Nanyi wazee wenzangu, kitabu cha marudi kimo kabatini, na ufunguo uko kwangu. Kaburi bado li wazi. Acheni kuwaogopa wanadamu, twendeni sasa tukalifute jina lake, tupige magoti sisi ambao kosa letu limethibitika, kisha kengele ipigwe. Anayekubali anyooshe mkono kama tulivyonyoosha siku ile. Wangu huu hapa.