Mwacheni Kiboko Mdogo Afe

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Vitabu vya Shule. Mwalimu mkuu, walimu, wazazi na walezi wetu,

KARIBU
Karibu sana. Tumefagia, tumemwagilia maua, na tumeagizwa tutabasamu. Yote tumefanya. Sasa tunaomba utusikilize mpaka mwisho.

ALIKOTOKA MWANDISHI WETU
Mama huyu aliyeketi mstari wa mbele, tunayemwita Shangazi Kiboko, alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Mtoto akigoma kufungwa kidonda, alimsimulia habari za kiboko anayeogopa maji. Mtoto anacheka, bendeji inafungwa. Alipostaafu, hadithi zile alizifanya vitabu.

MAFANIKIO
Vitabu vyake ndivyo vilivyochakaa kuliko vyote hapa shuleni. Ndivyo vilivyotufundisha kusoma.

CHANGAMOTO
Mwaka jana mwenzetu wa dawati la nyuma aliugua, akafariki. Tulipouliza yuko wapi, tuliambiwa amesafiri. Tukauliza atarudi lini, tukaambiwa tufungue vitabu vya hesabu. Mgeni rasmi, sisi si watoto wachanga. Tulimwona mama yake.

Ndipo Shangazi akaandika kitabu kipya. Kiboko mdogo anaugua, anakufa, dada yake anabaki. Kamati yako ikakirudisha: "Kinahuzunisha. Kiboko apone." Akabadilisha jalada, akapunguza kurasa. Kamati ikashikilia palepale: apone. Mwishowe ikapendekeza iandikwe kwamba alikuwa amelala tu.

Amelala! Hata wa chekechea wangeuliza mbona haamshwi.

Shangazi aliwajibu, "Nimewafunika shuka watoto wengi. Siwezi kuwaambia wenzao kwamba wamelala." Tangu hapo hajaandika hata mstari. Tukimsumbua anasema, "Wanangu, nimechoka kubishana na watu wazima."

Nasi tumechoka, kwa heshima zote.

Mwezi uliopita tulimbembeleza, akaja kutusomea mswada wake. Tulilia wote, hata mbabe wetu, ingawa yeye alisingizia mafua. Kisha mmoja akasema, "Mnakumbuka mwenzetu alivyokuwa akimwiga mwalimu wa hesabu?" Tukakumbuka. Tukamwiga. Tukacheka mpaka mwalimu mwenyewe akaja mlangoni, akasimama, akafuta miwani yake. Hakuna aliyedhurika, mgeni rasmi. Kengele ilipolia tulitoka kucheza mpira.

MAOMBI
Tulishauriwa tuombe uzio na vyoo. Hayo wazazi watakuomba. Sisi tuna ombi moja: kitabu kipite kama alivyokiandika, na kiboko mdogo aachwe afe. Tafadhali usituambie utalifikisha kunakohusika. Kunakohusika ni kwako.

Mwenyezi Mungu akupe afya na safari njema. Awajalie watoto wako maswali magumu, nawe akujalie ujasiri wa kuwajibu.

Ni sisi wanafunzi wa Darasa la Sita.
Tupo thelathini na tisa. Tulikuwa arobaini.