Mfuko wa Dada Lan na Mihuri Miwili

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu mliofika hapa Xinpu leo, tarehe 8 Juni 2025, familia imempa msomaji huyu, Tai Szu-han, mtoto wa pili wa marehemu, jukumu la kuwasomea maisha ya mama yake, naye anaomba mmsikilize hadi mwisho, hata pale panapochoma.

Marehemu Fan-Chiang Yu-lan, mliyezoea kumwita Dada Lan, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1978 hapa hapa Xinpu, akiwa binti wa mwisho wa wazee waliokausha matunda ya persimoni uani kwa upepo wa mwezi wa tisa. Alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, kisha sekondari, akamalizia shule ya ufundi wa kilimo mjini Hsinchu mwaka 1997, ambako alijifunza kukuza miche ya maua ya okidi ndani ya chupa, kazi inayotaka mkono safi na pumzi ya taratibu, maana ukikohoa mara moja chupa mia zinaota ukungu.

Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini, hadi Machi 2017 alipoajiriwa mjini Zhubei na kampuni ya ubia iliyoundwa na watu wa hapa na watu wa Osaka ili kutengeneza tiba ya seli, yaani kuchukua seli za kinga katika damu ya mgonjwa, kuzifundisha kuishambulia saratani, kuzikuza, kisha kumrudishia mwenyewe. Alizilisha kila siku, hata siku ya Mwaka Mpya, na mumewe alipolalamika kwamba mchuzi unapoa, alimjibu, "Wewe unajua kufungua jokofu, wao hawajui." Mikononi mwake ilitoka mifuko ya seli za wagonjwa arobaini na mmoja.

Tarehe 18 Januari 2003 alifunga ndoa na Tai Kuo-hsing, dereva wa basi la shule, wakajaliwa watoto wawili, Li-jen aliyezaliwa mwaka 2005 na Szu-han aliyezaliwa mwaka 2008, ambaye Oktoba iliyopita aliacha shule ili amuuguze mama, jambo ambalo mama alilikasirikia hadi siku ya mwisho na ambalo Szu-han halijutii.

Septemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, na dawa za kawaida ziliposhindwa, daktari alisema tiba iliyobaki ni ile ile aliyokuwa akiwakuzia wengine. Damu yake ilitolewa tarehe 8 Aprili, wenzake wakazilea seli zake katika kabati lake mwenyewe la joto, na Ijumaa tarehe 2 Mei, saa tatu asubuhi, mfuko ukawa tayari, na mfuko huo huishi siku moja tu.

Sheria ya ubia ni kwamba mfuko hautoki mlangoni bila mihuri miwili, mmoja wa Zhubei na mmoja wa Osaka. Mwaka 2021 mama aliomba mihuri yote ikae meza moja, akaambiwa, "Dada Lan, lisha seli zako, mihuri waachie wenye suti." Sasa mkataba haukusema nani atabeba lawama mgonjwa akiwa mfanyakazi wao, kwa hiyo kila upande ukataka mwenzake atangulie. Szu-han alikwenda ofisini saa tano, na Bwana Chuang, msimamizi wa upande wetu, akamwambia, "Mwanangu, anayegonga kwanza ndiye anayebeba mzigo, waache Osaka waanze." Bwana Morioka wa Osaka, muhuri ukiwa mfukoni mwake, akasema kwa upole, "Wenyeji ndio hutangulia," kisha saa nane akapanda ndege kwenda kwao kwa sikukuu zao za Mei, muhuri akaondoka nao.

Mama kitandani aliuliza, "Wamegonga?" na saa kumi akauliza tena, ila Jumamosi saa tatu asubuhi hakuuliza, kwa sababu yeye, kuliko sisi sote, alijua saa hiyo ni saa ya nini. Hakuwa na nguvu ya kutolewa damu mara ya pili, akafariki tarehe 24 Mei 2025, saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Juzi Bwana Chuang alituletea shada la maua na karatasi iliyochapwa, isemayo kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi huku kampuni ikifanya kila liwezekanalo, akaomba hiyo ndiyo isomwe, akimwambia Szu-han, "Binti, msibani hakutafutwi mchawi." Baba, ambaye si msemaji, alimrudishia karatasi yake, akamjibu, "Mchawi hatumtafuti, bwana, tunasoma tarehe tu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saba, walioshinda kwenye simu Ijumaa ile wakiwabembeleza wenye mihuri, majirani waliotupikia tambi za mchele siku zote hizi, na wenzake wa chumba cha seli, hasa Dada A-chin, aliyesimama mlangoni na mfuko hadi seli zikafa mikononi mwake.

Bwana Chuang na Bwana Morioka, mmeketi safu ya pili, asanteni kwa kufika. Tumesikia kwamba tangu mama afe mnaogopa zaidi kutangulia, na kwamba mfuko wa mgonjwa mmoja wa Miaoli utakuwa tayari Jumanne, saa tatu asubuhi. Jina lake hatulijui, lakini ana watu wake wanaomsubiri. Gongeni.

Nawe Mama, umewalisha wengi, sasa lala kwa amani.