Fungu la Kumi la Weita

Benchi ni langu na kahawa ni yangu, lakini maneno ni ya hawa wanaume watatu. Hapa Kambu malori ya Mombasa husimama yapoe, madereva wanakunywa na kwenda zao, nami Syokau nabaki na hawa ambao hawaendi popote. Mulei tunamwita Dainingi, kwa sababu zamani alipakua supu kwenye behewa la chakula la treni, na tangu hapo hakuna jambo la Wazungu asilolijua. Kang'ethe, muuza spea kutoka Murang'a, ni Bei Moja, ingawa kila mteja humtajia bei tofauti. Wa tatu ni Mzee Mbuvi, yaani Sahani, maana ndiye anayepitisha sahani ya sadaka kanisani. Asubuhi hiyo ya mwaka wa themanini na moja, Sahani alikuwa ametumiwa tikiti ya ndege. Binti yake Nzilani ni nesi huko London, na hajarudi nyumbani tangu aondoke, miaka kumi na tatu sasa. Amesema baba akifika atampeleka kula kwenye hoteli kubwa. Basi mzee wa watu amekosa usingizi, kwa vile amesikia kwamba huko mtu akishakula humpa weita kitu, na yeye hajui anampaje.

— Mimi naogopa kuaibisha mtoto, akasema Sahani. Watu wa huko wamemheshimu. Nisiende niharibu, waseme, kumbe baba yake ndiye huyu.

— Uliza mimi, akasema Dainingi. Kwanza weita hapewi mkononi. Unaweka chini ya sahani. Ndiyo wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Naweka ngapi?

— Sehemu moja ya kumi ya ile bei ya chakula.

Sahani akatua kikombe.

— Fungu la kumi? Si hiyo ni ya Mungu?

— Huko ni ya weita.

— Asi! Kwani weita ni pasta?

— Amevaa shati nyeupe na tai, anakupatia mkate, anakuuliza kama umeshiba. Pasta anafanya nini zaidi?

Mimi niliyelelewa kanisani nilijaribu kukasirika, kicheko kikanishinda. Bei Moja naye akasogea mbele, na akisogea hivyo ujue uongo uko njiani.

— Ndiyo maana nasikia makanisa ya huko imebaki viti tupu, akasema. Zaka yote inaishia hotelini.

— Na kama huyo weita anauza pombe? Mimi mzee wa kanisa nitoe zaka kwa pombe?

— Unaiombea kwanza, akasema Dainingi.

— Hiyo ya weita ni kitu kidogo, mzee, akasema Bei Moja. Ngoja lifti. Hiyo ni chumba inakubeba mpaka juu, na iko na mtu wa kubonyeza. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Unalipa ya kupanda, na ya kushuka unalipa tena.

— Na nikiwa nimemaliza pesa?

— Unalala huko juu.

— Halafu kuna mtu wa kufungua mlango, akadakia Dainingi, na mwingine wa kushika koti.

— Mimi sina koti.

— Watakuazima moja, wakushikie, ulipe.

— Lakini Japani, akasema Bei Moja, ukipatia weita kitu ni kama umetusi mama yake. Anakufuata mbio barabarani akurudishie.

— Wewe umejuaje Japani? nikamuuliza.

— Spea zangu zinatoka wapi?

Wakacheka wakapigana mabega. Sahani hakucheka. Alikuwa akiitazama barabara, upande yanakotokea mabasi ya Nairobi.

— Jioni nikisikia basi imepunguza mwendo, akasema, bado natoka nje. Miaka hii yote. Mama yake alikuwa anatoka pia, mpaka siku ile alilala hakuamka.

Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi pia, maana Nzilani nilimpenda. Alikuwa akipita hapa na mtungi wa maji mgongoni, na hata akiwa na haraka alisimama kunisalimu kwa jina la mama yangu. Namkumbuka yule msichana kuliko ninavyowakumbuka wengine wa kwangu mwenyewe.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja amekaa mwisho wa benchi. Basi lao lilipasuka gurudumu hapo mbele, akaja kununua kahawa, akaniambia anaitwa Gathoni. Muda wote alikuwa akisikiliza tu.

— Samahani, mzee, akasema. Huyo msichana wako anapenda kula nini?

— Muthokoi! akajibu Sahani kabla hajamaliza kuulizwa. Mahindi ya kutwangwa ikatoka maganda, na mbaazi. Hiyo alikuwa anakula mpaka akwangue sufuria, mama yake amfukuze na mwiko.

— Hiyo ni ya zamani. Mimi nauliza siku hizi.

Sahani akamgeukia Dainingi. Dainingi, mjuzi wa mambo yote ya Wazungu, akaangalia ndani ya kikombe chake. Bei Moja akakuna shingo.

— Sijui, akasema Sahani. Sijui mtoto wangu anakula nini.

Honi ya basi ikalia, Gathoni akalipa na kukimbia. Nilitaka kumkasirikia, lakini alikosa nini? Dainingi akanyoosha kikombe nimwongezee, nikamwambia kahawa imekwisha.

Sahani akainuka, akavaa kofia yake.

— Mwaitu, mama Syokau, sokoni kuna muthokoi mpya?

— Iko, mzee. Kwa Kavata.

— Nitabeba kidogo. Nitampikia mwenyewe.

Akapiga hatua mbili, akasimama bila kugeuka.

— Na akikataa kukula, nitapatia weita.