Mama Masafa Aliyekataa Chuo Kikatwe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuta kiti, na kama umebandika kitu jikoni punguza moto kwanza, maana leo nina mtu wa kuwasimulia habari zake.

Mama Masafa ametutoka. Alikuwa mhandisi wa mawasiliano wa chuo kikuu, mke wa mtu, mama wa watoto watatu. Tulimzika juzi. Leo sitaki tulie sana, nataka tushukuru, kwa sababu mama huyu ametuachia mengi ya kushukuru.

Kwa ambao hamkumfahamu, nieleze kazi yake. Enzi zile nyaya za intaneti zilikuwa hazijafika kwenye vyuo vingi vya ukanda wetu. Vyuo vikaungana, vikakodi nafasi kwenye setilaiti moja, na kila chuo kikasimamisha dishi lake. Mhadhara ukitolewa chuo kimoja, wanafunzi wa vyuo vingine, hata wa nchi jirani, wanautazama ukutani darasani kwao. Lakini nafasi ilikuwa ndogo, kama bomba moja la maji linalotegemewa na mtaa mzima. Mama Masafa ndiye aliyeshika koki. Alipanga nani apate saa ngapi, na alikuwa mkali kama pilipili. Ukizidisha muda, anakukata huku anakusalimia.

"Nyumbani nako alikuwa hivyohivyo," binti yake mkubwa aliniambia, anacheka huku anafuta machozi. "Hata bafuni tuliingia kwa ratiba."

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na chuo kidogo cha uuguzi, mbali kabisa, lami inapoishia na mbele zaidi. Kilifundisha wauguzi wa dawa za usingizi, wale wanaomlaza mgonjwa kabla ya upasuaji. Lakini mwalimu wa somo hilo hakikuwa naye. Somo lilitoka chuo kingine, kwa setilaiti, kila Alhamisi asubuhi. Na kila Alhamisi asubuhi picha inaganda, sauti inakatika, darasa linavunjika.

Kamati ya mtandao ikakutana. Mwenyekiti akasema, "Dishi lao limechoka. Tuwatoe, nafasi yao wapewe wengine." Wengi wakaafiki. Hebu fikirini maana yake. Bila somo hilo wanafunzi wale wasingehitimu. Bila wao, hospitali ya kule ingeendelea kuwasafirisha mbali wajawazito wanaohitaji upasuaji, na si wote walikuwa wanafika.

Mama Masafa akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, dishi gani linachoka Alhamisi tu? Nipeni muda nikalione." Wakampa hadi kikao kijacho. Akachukua likizo yake, akapanda basi.

Likizo hiyo ilikuwa na mwenyewe. "Alikuwa ameniahidi mimi," binti yake anasema. "Nilikuwa naolewa mwezi uleule. Nilinuna, sikumsindikiza hata mlangoni."

Alifika Jumatano. Akapima dishi, zima. Akapima nyaya, nzima. Darasani picha haina hata doa. Akaanza kuamini kwamba amekwenda bure. Alhamisi asubuhi picha ikaganda tena. Akazunguka nyuma ya bweni, kwenye dishi, akasimama, mikono kiunoni.

Mlingoti wa dishi ulikuwa umefungwa kamba ambayo jana yake haikuwapo. Na kamba ilikuwa imejaa sare nyeupe, mashuka na aproni, zote zinachuruzika maji. Chuoni pale, wasikilizaji, ukaguzi wa sare ulikuwa Ijumaa, kwa hiyo kufua kulikuwa Alhamisi. Na matroni, mama msafi kupita kiasi, alikuwa amechagua chuma alichokiona imara kuliko vyote uani.

"Mama, nani kawaambia waanike hapa?" Mama Masafa aliuliza.

"Mimi. Kwani kuna ubaya gani? Chuma hicho hata upepo haukitikisi."

"Upepo haukitikisi, mama yangu. Mashuka yenu ndiyo yanakiinamisha."

Dishi la setilaiti likiinama hata kidogo, linapoteza shabaha. Nguo zikikauka, linarudi mahali pake. Wakaanua nguo zote. Mara wakasikia kelele kutoka darasani, wanafunzi wanashangilia. Picha imerudi.

Matroni aliniambia kwa simu kwamba alitamani ardhi immeze. "Nikamuuliza, sasa utakwenda kutusema? Akanijibu, 'Nitawaambia mlingoti ulikuwa unavutwa, na sasa hauvutwi. Nipe jembe.'" Wakachimba pamoja, wakasimamisha nguzo za kuanikia, mbali na dishi. Mwenyekiti, kama unanisikiliza, habari ya mashuka ndiyo kwanza unaambiwa leo.

Siku hiyohiyo Mama Masafa akampigia bintiye. "Nilikuwa bado nimenuna," anasema binti. "Napokea, nasikia mtu anacheka mpaka anakosa pumzi. 'Mwanangu, ni mashuka! Walitaka kuwakata watoto wa watu kwa sababu ya mashuka!' Halafu akaanza kulia. Hapo hasira yangu yote ikaisha. Harusini alifika, amechoka hoi, na alicheza kuliko wote."

Chuo hakikukatwa. Narudia, chuo hakikukatwa. Wanafunzi wale walihitimu, na hospitali ya kule ikaanza kufanya upasuaji wake yenyewe. Nilimwomba mmoja wao azungumze nasi mubashara leo. Akaomba radhi. Saa hii yuko darasani, anafundisha somo lilelile la dawa za usingizi kupitia mtandao, na wanaomsikiliza ni wanafunzi wa chuo kikuu cha Mama Masafa.

Kwa mume wake, wanawe na wote aliofanya nao kazi, poleni sana. Na asanteni kwa kutuazima mama yenu, hata siku ambazo ninyi wenyewe mlimhitaji. Mungu ampokee vizuri.

Na wewe unayenisikiliza, kama yuko mtu umeshaamua kwamba amechoka na hafai tena, kabla hujamkata, nenda kwanza ukamwone. Kuna watu wako hai leo kwa sababu Mama Masafa alikwenda.