Omolo Hasemi Nyumbani

Mwaka wa 2004, Kitengela ilipokuwa ikijaa nyumba za kupanga, benchi letu sisi wanaume lilikuwa nje ya posho mill, pale pa kusagia mahindi, na Metito ndiye aliyetuuzia kahawa. Aliyeongea kutushinda sote ni Omolo wa kiwanda cha simiti. Tulimwita Redio. Jumamosi moja alifika akiwa kimya. Baadaye akasema mke wake, Lorine, amepanga nguo kwa begi, anarudi kwao Ugenya, upande wa ziwa.

— Ni hizi simu za mkono, akasema Gakuru, tuliyemwita Jaji. Mwanamke akipata simu, mama yake anahamia kwa hiyo nyumba.

— Lorine hana simu.

— Basi ni upepo, akasema Parmuat, mfugaji. Hii yetu ni kavu sana. Niliwahi kununua fahali ya kutoka ziwa. Ilikataa hata kula.

— Wacha fahali, Jaji akasema. Ni mlango. Mlango ya Redio inaangalia makaburi. Geuza mlango, bibi atatulia.

Tulikuwa tunabishana mlango ugeuzwe wapi, Lorine mwenyewe akatokea. Hakuna mwanamke aliyewahi kuketi pale. Parmuat akasogea, naye Lorine akaketi.

— Karibu kahawa, shemeji, Metito akasema.

— Asante. Nimekuja kuuliza tu. Nasikia hapa mnamuita Redio.

— Ni kweli, Metito akasema.

— Nyumbani ni "chakula iko?" na "nimetoka." Tangu tupoteze mtoto hospitali, ni hayo tu. Nikajua ananilaumu. Halafu nikafikiria, pengine huwa anaongelea huku. Huwa anawaambia nini juu ya mtoto wetu?

Hatukuwa tunajua hata kwamba kulikuwa na mtoto. Jaji aliinamia kikombe chake.

— Sijawaambia, Omolo akasema polepole. Niliogopa nikianza nitalia, na wewe ulikuwa unalia tayari.

— Si ungelia tu. Tungelia wawili.

— Nilikuwa nimemchagulia jina. Elsie, ya nyanya yangu.

Lorine akamgeukia.

— Hukuniambia.

— Nakuambia sasa.

Sisi tuliinuka mmoja mmoja, tukawaachia benchi.

Jumatatu Omolo alipita, akanywa kikombe kimoja akiwa amesimama, akaanza kuondoka.

— Mbona mapema? Jaji akamuuliza.

— Kuna stori tuko nayo na Lorine. Bado hatujamaliza.