Mtoto wa Pande Mbili za Barabara

Kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya baiskeli palikuwa na kijiwe. Kijiwe chenyewe kilikuwa kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, kikaegemezwa ukutani, sponji ikichungulia kila kona, na mbele yake ubao uliolazwa juu ya matairi mawili. Shangazi, muuza kahawa, alikuwa na jiko lake pembeni, na yeyote asiyekuwa na kazi, au aliyekuwa nayo akaikimbia, alipatikana hapo. Jumamosi ile watu walikaa mapema kuliko kawaida kwa sababu ya tangazo. Lilikuwa limebandikwa jana yake kwenye ukuta wa kinyozi, nalo lilisema kwa maneno machache tu: kuanzia muhula ujao, watoto wanaoishi upande huu wa barabara kuu watasoma shule mpya ya kule juu, kupita matanuri ya matofali. Wanaoishi upande wa pili watabaki shule ya zamani, nyuma ya soko. Wazazi wafike Jumatatu kuandikisha.

Wengine walisoma, wakaguna, wakaenda zao. Fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima ulimwita Spoku kama zile nyaya za gurudumu, alisoma mara ya kwanza akaelewa. Akasoma tena akitafuta pa kutokea, hakupaona.

Spoku alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, mwembamba na mrefu, ndiyo maana wakamwita Njiti. Yeye na mama yake Njiti walikuwa wameachana siku nyingi, bila fujo, kila mmoja na kimya chake. Spoku alikaa upande huu wa barabara, chumba cha nyuma ya karakana. Mama Njiti alipanga upande wa pili, naye alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, kwa zamu. Zamu ndizo zilizopanga maisha ya mtoto. Mama akiwa zamu ya alfajiri, Njiti alilala kwa baba, na asubuhi akapakiwa kwenye keria ya baiskeli hadi shuleni. Mama akiwa zamu ya mchana, ile ya asubuhi hadi jioni, Njiti alilala kwa mama, lakini baada ya masomo alishinda karakana akichezea nati na bolti, mpaka mama asimame ng'ambo ya barabara aite, na baba amvushe. Mama mwenyewe hakuwa na desturi ya kuvuka. Hakuna aliyewahi kuuandika mpango huo popote. Ulikuwa mazoea tu, na ulikuwa umeshika.

Sasa tangazo lilitaka nyumba moja.

Spoku alikaa kwenye kigoda, ameshika rimu iliyopinda, anakaza spoku moja, analegeza nyingine, huku masikio yake yote yako kijiweni.

— Shule ya zamani imejaa, alisema Shangazi akimimina kahawa. Watoto wanakaa chini, wengine wanasikiliza kutoka dirishani. Wamejenga nyingine, wamewagawa. Kuna ajabu gani hapo?

— Shangazi, wewe una roho safi mno, alisema kinyozi. Kwa kupenda habari kwake walimwita Redio, na mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja aliendelea: Mpaka haupiti tu popote. Huo umechorwa kukwepa nyumba ya dada wa mkubwa mmoja wa serikali.

— Mkubwa gani?

— Mmoja. Simtaji.

— Humtaji kwa sababu humjui.

— Nikimtaja mtakimbia kahawa zenu!

Watu wakacheka. Spoku hakucheka. Alimgeukia yule aliyekaa katikati ya kiti, miguu ameikunja nne, kofia imewekwa upande. Huyo aliwahi kuwa tarishi wa mahakama, kazi yake kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile, lakini kwa kuwa aliyabeba miaka mingi, walimwita Hakimu, na yeye aliitika.

— Hakimu, hebu nisaidie, kaka. Nataka Njiti abaki shule ile ile. Mwalimu wake amemzoea, rafiki zake wako kule, na mama yake akiwa zamu ya mchana hawezi kumpeleka mpaka kule matofalini halafu akawahi kazini. Nikisema mtoto anaishi kwa mama, si basi? Yamekwisha?

Hakimu akavuta kahawa kwa sauti.

— Yamekwisha, ndiyo. Na wewe umekwisha.

— Kivipi tena?

— Kwa sababu utakuwa umekiri, kwa mkono wako, mbele ya ofisi ya watu, kwamba mtoto haishi kwako. Kesho yule mama akipata kazi mji mwingine, akafunga mizigo yake, akamchukua na mtoto, utamzuia kwa mdomo gani? Utaulizwa, wewe bwana, si ndiye uliyesema anaishi kule?

— Mama Njiti si mtu wa hivyo.

— Sijasema ni mtu wa hivyo. Nimesema utaulizwa.

Spoku akakaza spoku. Ilikuwa tayari imekaza. Akakaza tena.

— Basi mwandikishe huku, alisema Redio. Mambo ya huku ni mapya, madarasa mapya, madawati mapya.

— Huku ambako juzi ulisema kutavunjwa? Shangazi akamkatiza.

— Na kutavunjwa! Barabara itapanuliwa, upande huu wote unaondoka, kibanda changu, karakana, jiko lako hilo. Wanaanza kuhamisha watoto kwanza ili wazazi wawafuate wenyewe polepole, bila kelele.

— Wanajenga shule mpya upande ambao wanataka kuuvunja?

Redio akainua mashine, ikanguruma hewani.

— Ndiyo ujanja wenyewe huo, Shangazi. Ili usishtuke.

— Mimi naona jambo kubwa zaidi, alisema Hakimu, ambaye hakupenda mtu mwingine awe na jambo kubwa. Leo ni shule. Mkishakubali, itakuja zahanati: wa huku watibiwe huku, wa kule kule. Halafu mtihani, wa huku huu, wa kule ule. Mtoto wa huku akitaka kuoa kule, ataambiwa alete kibali.

— Na mimi wateja wangu wa ng'ambo? aliuliza mteja wa Redio kutoka chini ya shuka. Huyo aliuza mikate.

— Watakula kwa kibali.

Kicheko kikapanda mpaka mtu mmoja akamwaga kahawa yake. Ndani ya kicheko hicho Spoku alisikia kitu kikilia mkononi mwake, ting! Spoku ilikuwa imekatika. Aliiangalia kama aliyeonyeshwa kitu cha mtu mwingine. Tangu ajifunze kazi hiyo, hakukumbuka kukata spoku kwa kuikaza.

— Nyinyi mnacheka, alisema taratibu. Mimi nikisema kwangu, namtoa mtoto shuleni kwake na namwongezea mama yake mzigo. Nikisema kwa mama yake, najitoa mwenyewe. Usiku mzima nimegeuka kitandani. Niambieni basi, jamani, nifanyeje?

Hapo wote wakasema kwa pamoja. Redio alisema aandikishe huku na huku. Hakimu alisema asiandikishe popote, aone watamfanya nini. Muuza mikate alisema amrudie mkewe, mambo yaishe, na Shangazi akamwambia muuza mikate anyolewe anyamaze. Sauti zikiwa bado zimepanda, Redio, aliyekuwa ametazama barabarani, akazima mashine.

Mama Njiti alikuwa anavuka.

Alivuka haraka, mkono mmoja ameinua kusimamisha pikipiki, kanga ya begani imeteleza. Kijiwe kizima kikamgeukia, maana hakuna aliyewahi kumwona upande huu. Alifika, akasalimia kwa heshima, Shangazi akamsogezea kigoda, hakukikalia.

— Baba Njiti, nimemfuata asukwe nywele, msusi anatungoja. Yuko wapi?

Spoku akasimama.

— Nani?

— Njiti.

— Si yuko kwako?

— Kwangu ametoka asubuhi. Aliniaga anakuja kwako.

Spoku akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Redio, ambaye habari zote za mtaa zilipita kwake kabla hazijafika kwa wenyewe. Redio akatikisa kichwa. Hakimu akashusha mguu wake chini. Asubuhi nzima walikuwa wamemgawa mtoto yule, huku, kule, kwa sheria, kwa kibali, na hakuna hata mmoja aliyemtia machoni.

— Yuko wapi mwanangu? aliuliza tena Mama Njiti, na safari hii sauti ilikuwa nyingine.



Shangazi ndiye aliyeinuka kwanza. Aliacha jiko linawaka, akashika njia ya soko. Redio akatoka mbio kwenda uwanja wa mpira, na muuza mikate akamfuata na shuka lake shingoni, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado. Hakimu akatangaza kwamba yeye atabaki hapo, iwapo mtoto atarudi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amesema jambo la maana.

— Hebu kumbuka, Mama Njiti, Spoku alimwambia, akipangusa grisi mikononi. Amesema nini? Neno lolote.

— Hakusema kitu. Jana usiku tu, tulipozima taa, aliniuliza kutoka kwangu hadi shule mpya ni mbali kiasi gani. Nikamwambia lala. Nilikuwa nimechoka, Baba Njiti. Nikamwambia lala.

Spoku hakungoja zaidi. Alivuta baiskeli yake mwenyewe, akaruka juu.

Njia ya kwenda matofalini ilikuwa ya vumbi na mashimo. Wachoma matofali walichimba udongo wao pale pale kando ya njia, na walipomaliza shimo moja walihamia jingine, wakaacha la kwanza lijae maji ya mvua. Maji yale yalikuwa mekundu, huwezi kuona kina chake. Spoku alipita la kwanza akaangalia. Alipita la pili akashuka, akaweka baiskeli chini, akasogea mpaka ukingoni, akaita jina la mtoto wake. Sauti ilimtoka vibaya, akajishangaa. Akapanda tena. Katika shimo la tatu kulikuwa na kitu cha bluu kinaelea, na moyo wake ulisimama mpaka alipoona kwamba ni kipande cha turubai.

Alimkuta nyuma ya tanuri la mwisho. Alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali yaliyovunjika, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kisigino kimechubuka. Hakuwa analia. Alikuwa ametoka kulia.

Spoku alitaka kumgombeza. Maneno alikuwa nayo tayari, aliyapanga njia nzima. Akachuchumaa badala yake, akashika ule mguu.

— Unafanya nini huku, mama?

— Napima.

— Unapima nini?

— Njia. Kama nikiamkia kwa mama, nitafika shule mpya kabla ya kengele? Nikifika, basi naweza kusoma huku na kulala kule, na hakuna mtu wa kugombana.

— Nani amegombana?

— Bado. Lakini mtagombana.

Spoku akapangusa vumbi kwenye kile kisigino kwa kidole gumba.

— Haya. Umepima ukaona nini?

Njiti akatazama pembeni, mdomo ukaanza kucheza.

— Sijafika hata. Nimepotea kwenye matofali.

Alimpakia kwenye keria, akarudi naye akisukuma, hakupanda. Mama Njiti alikuwa amekuja mbio, wakakutana naye nusu ya njia, viatu vyake vimejaa vumbi, uso umelowa. Alimshika mtoto mabega yote mawili, akamtikisa, kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka baiskeli ikayumba. Wakatembea wote watatu. Walipokaribia kijiwe, Spoku akasimama.

— Mama Njiti, Jumatatu mwandikishe kwako.

Mama Njiti akafuta uso kwa pembe ya kanga.

— Nilidhani utawahi kumwandikisha kwako. Nilikuwa nimepanga nifike pale ofisini kabla yako. Nikuwahi.

— Mimi nilidhani akishaandikishwa kwako utahama naye.

— Nihamie wapi, Baba Njiti? Na nikiwa zamu ya alfajiri nani atakaa naye?

Ilikuwa kweli, na Spoku alijua hivyo, ila usiku ule wa kugeuka kitandani ilikuwa imempotea.

Jumatatu walikwenda wote. Foleni ilizunguka jengo, kila mzazi ameshika mtoto kana kwamba atanyang'anywa, na mbele yao bibi mmoja alikuwa akibembeleza wajukuu zake wasitenganishwe, mmoja wa mtoto wake wa huku, mmoja wa kule. Zamu yao ilipofika, karani aliuliza, Mama Njiti akajibu, na karani akaandika. Kisha akamgeukia Spoku. Baba ana pingamizi? Spoku akasema hana. Neno lenyewe lilikuwa dogo, lakini alilisukuma kama anayesukuma gari bovu. Alipoweka sahihi, aliacha doa la grisi kwenye pembe ya karatasi ingawa alikuwa amenawa.

Nje jua lilikuwa kali. Mama Njiti alikuwa amechelewa kazini, akaenda akikimbia. Wakabaki wawili. Njiti alitembea ameshika keria kwa nyuma, mpaka walipofika ukingoni mwa barabara.

— Baba.

— Naam.

— Sasa kwako nitakuwa mgeni?

Magari yalipita, moja, jingine, na Spoku hakuvuka ingawa nafasi ilipatikana. Alihofia kwamba akijibu vibaya, jibu hilo litakaa.

— Mgeni anapiga hodi, alisema mwishowe. Wewe umewahi kupiga hodi kwangu?

Njiti akafikiri kwa makini, kama aliyeulizwa swali la darasani.

— Hapana.

— Basi usianze.